Twende Kivulini

Donata alikuwa ameipanga siku nzima kichwani, kama anavyopanga vijiwe vya rangi kabla ya kuvilaza kwenye chokaa. Baba akishuka treni asubuhi, wataacha mzigo stesheni. Watapanda boti ya abiria, watakaa mbele kabisa, na mzee ataiona Venisi ikifunguka pande zote mbili za mfereji mkubwa. Kisha Kanisa la Mtakatifu Marko. Kisha soko la Rialto. Kisha chakula. Na mahali fulani katikati ya uzuri huo wote, mzee akiwa ameshiba na macho yamemjaa, atamwambia lile neno, na huenda lisimuume sana, maana mji wenyewe utakuwa umeshamtetea.

Neno lenyewe lilikuwa fupi. Harudi kwao Acerenza. Fundi Alvise, aliyemfundisha kutengeneza sakafu za kale tangu alipomaliza chuo, alikuwa amempa kazi ya kudumu katika karakana yake na alitaka jibu Jumatatu. Moyoni Donata alikuwa ameshajibu. Lakini kwenye simu, kila baba alipouliza atarudi lini, alisema, "Niko huku kwa muda tu, baba." Alilisema mara nyingi hata likawa jepesi mdomoni. Na kule kusini, juu ya kilima chao, mzee Canio alilipokea neno hilo akalifanyia kazi. Alikifagia chumba cha chini walichokuwa wakiwekea ngano, akakipaka chokaa, akaweka meza karibu na dirisha. Ofisi ya binti. Acerenza ilikuwa na nyumba nyingi zilizoachwa na wenyewe, zinabomoka taratibu, na mzee hakuwa na shaka nani atakayezisimamisha tena.

Alishuka treni akiwa na kofia yake na suti ile ya harusi na mazishi, ameshika mfuko wa soseji na pilipili kavu uliowatia njaa abiria wenzake usiku kucha.

"Umekonda," alisema.

"Sijakonda, baba. Hujaniona siku nyingi."

"Ndiyo hayohayo."

Kwenye boti alikaa kofia mapajani, akitazama majumba yenye nguzo za marumaru yakipita. Donata alimwonyesha hili na lile. Mzee alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na humo anaishi nani?"

"Hilo ni jumba la makumbusho."

"Na lile?"

"Hoteli."

"Na lile lenye maua dirishani?"

"Hoteli pia, baba."

"Aha," alisema mzee, akaacha kuuliza.

Ndani ya Mtakatifu Marko watu walijipanga shingo juu, wakiitazama dhahabu ya darini. Mzee Canio alifanya ishara ya msalaba, akatazama juu kidogo kwa ajili ya heshima, kisha akamgeukia binti yake.

"Wenzako wote wanaangalia juu," alimnong'oneza. "Wewe umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu. Kazi yangu iko chini."

Mzee akainamisha macho. Sakafu ilikuwa ya vijiwe vya kila rangi, ndege na nyota na maduara, na ilipanda na kushuka kama shuka lililotandikwa juu ya mtu aliyelala.

"Imepinda hii."

"Chini ni matope. Matope yanacheza, na sakafu inayafuata, inashuka nayo, inapanda nayo. Ndiyo maana haijapasuka. Watu waliwahi kutaka kuinyoosha sakafu ya namna hii mahali fulani, ikafa. Ukitaka kuitengeneza ni lazima kwanza utembee juu yake peku, miguu ikuambie inakwenda wapi. Mimi mara ya kwanza Fundi Alvise aliponivua viatu nilidhani ananitania. Tulikaa siku nzima kwenye sebule ya watu, peku, tukitembea tu, na jioni akaniuliza sakafu imesema nini, na baba, nilijua. Nilijua kabisa."

Aliponyamaza aliona kwamba mzee hakuwa akiitazama sakafu. Alikuwa akimtazama yeye.

"Unaipenda," alisema mzee. Hakuuliza.

Hapo mlango wa lile neno ulikuwa wazi. Kilichobaki kilikuwa kuingia tu. Lakini kundi la wageni likawasukuma kutoka nyuma, na Donata akashukuru kusukumwa. "Twende sokoni," alisema, "wasije wakafunga."

Rialto ilimchangamsha mzee. Alipita kwenye meza za samaki mikono nyuma, akiinama kwa kila sinia kama anayekagua wanafunzi. Mbele ya kamba wa kijivu waliokuwa bado wanachezesha miguu alisimama muda mrefu.

"Mzee, usiwatazame sana," alisema muuzaji, "watakuzoea."

"Nawe usiwauze kabla sijawaaga," mzee alijibu, na Donata akaona siku inaanza kwenda alivyoitaka.

Fundi Alvise alikuwa akiwangoja kwenye kichochoro nyuma ya soko, mlangoni mwa kibanda cha mvinyo anachokwenda kila siku kabla ya chakula. Alikuwa mtu mnene, nyusi zimejaa vumbi la marumaru lisilotoka hata Jumapili, na amezungukwa na wazee wenzake wawili watatu wa hapo mlangoni. Saa hizo jua lilikuwa limekaa katikati ya kichochoro.

"Bwana Canio, karibu sana," alisema, akaushika mkono wa mgeni kwa mikono yake yote miwili. "Binti yako anakutaja hata tukiwa tunasugua sakafu. Basi, tusisimame hapa tukakauka. Twende kivulini."

Kwa watu wa Venisi kivuli ni glasi ndogo ya mvinyo. Mtu akisema twende kivulini, miguu inaelekea kaunta, na hakuna mtoto wa mji ule asiyejua hivyo. Lakini mzee Canio alikuwa mtu wa Acerenza, na huko kivuli ni kivuli. Alisikia kwamba mwenyeji wake anamhurumia kwa ajili ya jua, yeye aliyevuna ngano tangu utotoni bila kukaa chini kabla ya mchana. Akameza.

"Mimi jua sijawahi kulikimbia, bwana," alisema kwa upole. "Lakini kwa heshima yako."

Akavua kofia, akavuka kichochoro hadi upande wa pili, ambako ukuta ulitupa kivuli chembamba kama mkanda, akauegemeza mgongo ukutani. Kisha akasogea pembeni kidogo, amwachie mwenyeji wake nafasi.

Mlangoni wakatazamana. Halafu mmoja wa wale wazee akasema, "Amekwenda kweli."

"Na ameagiza kikubwa," akasema mwingine.

"Mpelekeeni na kipande cha mkate basi."

Wakacheka. Na Donata naye akacheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakishika, kichwa nyuma, mkono kifuani, kama wanavyocheka wenyeji wa vichochoro vile. Kilipokuwa kinaisha ndipo alipokutana na macho ya baba yake. Mzee hakuwa akiwatazama wale wanaume hata kidogo. Alikuwa akimtazama yeye, bila hasira, kama mtu aliyesoma jina la stesheni dirishani na kujua amefika wapi.

Akairudisha kofia kichwani.

Alvise alikuwa wa kwanza kuona aibu. Alivuka kichochoro akamshika mgeni bega. "Mzee mwenzangu, nisamehe. Hawa ni vichaa, na mimi ndiye mkubwa wao. Huku kwetu kivuli kinanywewa."

"Kinanywewa?"

"Kwenye glasi. Njoo ukione."

Mzee alifikiri kidogo. "Basi nyinyi mmejaliwa," alisema. "Sisi kwetu tunakikalia tu."

Sasa walicheka pamoja naye, wakampisha mlangoni, wakamweka kaunta mahali pazuri. Wakamwekea kivuli cheupe, kisha vipande vya mkate vyenye samaki mkavu aliyepondwa na mafuta ya zeituni mpaka akawa kama siagi. Mzee alionja, akaonja tena.

"Samaki huyu alikuwa na kosa gani?"

"Kosa gani?"

"Amepigwa sana. Au huku hamna meno?"

"Tunayatunza," alisema Alvise. "Hatuyatumii ovyo kama nyinyi wa kusini."

Zikaja sardini zilizolazwa kwenye siki, vitunguu na zabibu kavu. "Zabibu na samaki," mzee alisema, akitafuna taratibu. "Marehemu mama yako angewafukuza hawa jikoni, Donata." Akachukua nyingine. Donata alimwangalia anavyokula na kila tonge lilimwongezea uzito. Alitamani mzee anune. Mtu aliyenuna unaweza kumbembeleza.

Hapo Fundi Alvise, kwa moyo safi kabisa, akainua glasi yake.

"Bwana Canio, kuna jambo nataka niliseme mbele yako. Nimefundisha vijana wengi, na wengi wana mikono. Huyu ana miguu pia. Kwa hiyo Jumatatu..."

"Hajui bado," Donata alisema. "Nyamaza, fundi, nakuomba, nitamwambia mwenyewe."

Alilisema kwa lugha ya vichochoro, haraka na chini chini, maneno yakipandana. Hakuchagua lugha ile. Ndiyo iliyokuwa karibu. Na mzee Canio, aliyekuwa katikati yao glasi mkononi, hakuelewa hata neno moja, na alielewa kwamba hakutakiwa kuelewa.

Glasi ya Alvise ilibaki hewani. "Jumatatu," alimalizia, "tuna kazi nyingi."

Alikuwa mtu asiyejua kudanganya, na ilionekana.

Mzee alikunywa kilichobaki, akaweka glasi chini, akajifuta mdomo kwa leso. "Lugha nzuri," alimwambia binti yake. "Inakwenda kama maji." Kisha akampa Alvise mkono. "Asante kwa kivuli, bwana."

Donata alikuwa amechagua mahali pa chakula cha mchana, meza za nje, bahari mbele, visiwa kwa mbali. Walianza kwenda huko. Asubuhi walitembea sambamba. Sasa mzee alikuwa nyuma yake, na kila daraja Donata aligeuka kuhakikisha bado yupo. Alimsimulia habari za kanisa hili na mnara ule, na sauti yake mwenyewe ikamchosha. Karibu na mfereji mdogo usiokuwa na watu, mzee akasimama.

"Tukae hapa."

"Chakula kiko karibu, baba. Mahali penyewe ni pazuri sana."

"Hapa ni pazuri."

Akakaa kwenye ngazi za mawe zinazoshuka majini. Donata akakaa pembeni yake. Maji yalikuwa ya kijani, na chungwa moja bovu lilikuwa linaelea likienda na kurudi, likienda na kurudi.

"Ulimwambia nini yule bwana?"

Jibu lilikuwa tayari. Nilimwambia umechoka na safari, baba, asikuwekee glasi nyingine. Lilikuwa jepesi, lingepita vizuri, na mzee angelipokea, maana alipokea kila alichopewa. Alikuwa amelipokea hata lile la kwa muda tu, akalipaka chokaa, akaliwekea meza. Donata aliitazama mikono ya baba yake juu ya magoti, kucha bado zina ukingo mweupe wa chokaa ambao sabuni haikuuweza.

"Nilimwambia asikwambie kwamba amenipa kazi," alisema. "Ya kudumu. Na kwamba nimeshakubali, ingawa sijatia saini. Nilitaka kukwambia mwenyewe. Nilitaka kukwambia tangu majira ya baridi."

Boti ya mizigo ilipita imebeba friji na masanduku ya maji ya kunywa, mwendeshaji akiinama chini ya daraja bila kutazama.

"Nilijua pale uliponicheka," mzee alisema mwishowe.

"Baba, kile kicheko..."

"Sisemi kwa ubaya. Mtu hacheki vile akiwa ugenini. Nikasema moyoni, Canio, huyu yuko kwake, na wewe ndiye mgeni." Akasugua goti. "Hilo limeingia, nimelimeza. Lakini lile la kwa muda, Donata. Lile uliniambia kwa sababu gani?"

"Niliogopa kukuacha peke yako."

"Tayari niko peke yangu. Mama yako alipoondoka nilijifunza. Siyo hilo linalochosha." Alitafuta maneno, na Donata alimwacha ayatafute. "Kumsubiri mtu kunachosha. Nikisikia gari linapanda kilima, nasimama. Nikipika, napika sufuria kubwa. Mtu akijua kwamba hakuna anayekuja, anapika kidogo, anakula, analala. Umeninyima usingizi kwa huruma yako."

Donata alitaka kusema mengi. Alitaka kumweleza kwamba alikuwa ameota kazi ya huku na ya kwao pamoja, kwamba nyumba za Acerenza zilimuuma hata usiku, kwamba aliamini, bado aliamini, kuwa mji unaweza kuokolewa na mtu mmoja anayeanza na sakafu moja. "Nitakuja kila kiangazi," alianza. "Nitaanza na nyumba ya shangazi, halafu..."

"Usiniahidi leo." Mzee aliinua kiganja. "Kesho uniahidi, ukitaka. Leo niambie lile moja tu, kwa maneno yetu."

Lugha ya Acerenza ilikuwa imelala chini ya ulimi wake muda mrefu. Ilimbidi aitafute.

"Nabaki huku, tata," alisema, kama watoto wa kwao wanavyomwita baba.

Mzee aliitikia kwa kichwa mara moja, kama anayepokea mkate kutoka kwa mtu mwingine na kuukuta mzito kuliko alivyodhani. Walikaa. Baadaye alinyanyua uso akaziangalia nyumba za ng'ambo ya mfereji. Mbao za madirisha zilikuwa zimefungwa, ghorofa moja baada ya nyingine.

"Hawa wamelala?"

"Hawapo, baba. Walihamia bara. Nyumba zinapangishwa kwa watalii, siku mbili, siku tatu."

"Wote?"

"Wengi."

"Kama kwetu."

"Kama kwetu."

"Isipokuwa kwetu hata mtalii haji." Akafikiri. "Basi angalau hapa mmoja ameingia."

Donata aligeuza uso upande wa maji, kwa sababu hilo halikuwa katika mpango wake. Mzee alijishika ukutani akasimama, akakung'uta suruali.

"Sasa. Tangu asubuhi unanionyesha nyumba za watu. Yako iko wapi?"

"Ni ndogo, baba. Ina unyevu. Nilitaka kwanza uone..."

"Nimeona. Dhahabu nimeiona, nguzo nimeziona. Wageni ndio wanaokula hotelini. Mimi ni baba yako."

Kwa hiyo walirudi stesheni kuchukua mfuko, kisha wakapanda boti hadi mwisho wa mji, mitaa ambako nguo bado zinaanikwa kutoka dirisha hadi dirisha. Boti ya kuuzia mboga ilikuwa imefungwa ukingoni kama kawaida, na mama muuzaji alimwona Donata kutoka mbali.

"Leo unataka kitunguu kimoja au nikukatie nusu?" alimpigia kelele. Kisha akamwona mzee. "Na huyu?"

"Baba yangu."

"Pole, mzee. Binti yako hununua mboga kama anayenunua dawa."

"Leo tunanunua kama watu," alisema mzee Canio, na akaanza kuchagua biringanya, akizibonyeza moja moja, akirudisha nyingine kwa muuzaji na uso wa kumsikitikia. Walibishana kuhusu nyanya. Muuzaji alishindwa, au alijifanya kushindwa, akaongeza majani ya mrihani juu.

Nyumba ilikuwa chumba kimoja na jiko la kugeukia. Mzee alisimama mlangoni kwanza. Chumvi ya bahari ilikuwa imepanda kutoka chini ikaula ukuta, na plasta ilikuwa imebabuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Donata alingoja asemwe. Mzee aliinama akafungua kamba za viatu, akavivua, akaviweka pembeni mwa mlango, na akavuka chumba chote na soksi zake nyeusi za mazishi, polepole, hadi dirishani na kurudi.

"Hapa karibu na kitanda inashuka," alisema.

"Ndiyo. Hapo inashuka."

"Sawa."

Akavua koti. Wakati Donata akikata biringanya, mzee alimpigia simu dada yake, akasimama katikati ya jiko akiongea kwa sauti kubwa kama wote wanaoishi kilimani.

"Incoronata? Nimefika. Ndiyo, mji mzuri, mzuri sana, hauna mahali pa kukaa. Niko kwake. Hapana. Hapana, sikiliza, siyo kwa muda. Anaishi huku." Alisikiliza muda mrefu. "Nani amekwambia nimesikitika? Chumba cha chini? Mwambie Rocco aweke ngano yake, mwaka huu amevuna nyingi."

Kisu cha Donata kilisimama. Alikiona chumba kile, ukuta mweupe, meza, dirisha, kikijazwa magunia ya jirani, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alijua kwamba naye alikuwa amekitaka. Si kiasi cha kumrudisha. Kiasi cha kuuma tu. Akakiacha kimuume, akaendelea kukata.

Mzee aliweka simu mfukoni, akaosha mikono, akaweka sufuria juu ya moto. Alifungua kabati moja, akafungua la pili, akapapasa nyuma ya kopo la kahawa.

"Chumvi iko wapi humu?" aliuliza. "Nyingine. Si hii ya ukutani."